Injini Isiyokuwamo Ndani ya Gari la Waya

Kisiba ni nchi ya migomba na mvua nyingi, kusini mwa mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, jirani na ziwa la kasoko ya volkano ambalo wengine huliita Masoko na wengine huliita Kisiba. Huko, kama katika sehemu kubwa ya nyanda za juu kusini, mtoto anayetaka gari hulitengeneza mwenyewe. Waya wa uzio hukunjwa ukawa chesisi, milango na boneti. Matairi hukatwa kwenye ndala zilizokwisha kazi. Mwanzi mrefu hutoka kwenye ekseli ya mbele ukapanda hadi kifuani mwa dereva, na juu yake hufungwa usukani wa duara. Mtoto akizungusha usukani, magurudumu ya mbele hupinda kweli, na gari hukata kona kwenye vumbi bila kupinduka.

Ukilitazama gari hilo kwa makini utaona mengi yaliyopimwa kwa jicho: urefu wa tela ukilinganishwa na kichwa cha lori, umbali kati ya ekseli mbili za nyuma, mahali pa tangi la mafuta. Kitu kimoja hakimo. Chini ya boneti ni hewa tupu. Nguvu hutoka miguuni mwa dereva na mngurumo hutoka kinywani mwake.

Nafasi hiyo tupu ndiyo iliyowahangaisha mafundi wa mifano midogo duniani kwa zaidi ya karne moja. Umbo la nje la gari huonekana na kila mpita njia. Injini imefichwa, na anayetaka kuiunda ikiwa ndogo, tangu mwanzo, bila kununua vipande vilivyokwisha tengenezwa, hana budi kwanza kuifungua ile kubwa na kuielewa. Injini ya gari la mashindano ni ngumu zaidi, kwa kuwa kila boliti yake imewekwa kwa sababu.

Mashine zilizokuja vipande vipande

Watu wa nchi za Ziwa Nyasa walianza kuijua injini ikiwa imefunguliwa. Mwaka 1875 meli ndogo ya mvuke iitwayo Ilala, ya misheni ya Livingstonia kutoka Uskoti, ilifikishwa ziwani kwa njia ya mito Zambezi na Shire. Kwenye maporomoko ya Shire meli haikuweza kupita. Ikafunguliwa boliti kwa boliti, mamia ya wapagazi wakabeba mabamba ya chuma na sehemu za mashine kwa miguu, na upande wa juu wa maporomoko ikafungwa upya. Miaka isiyozidi 20 baadaye Wajerumani walifanya vivyo hivyo na meli yao, Hermann von Wissmann, ambayo kituo chao cha Langenburg kilichokuwa ufukweni kiliitegemea. Makao ya utawala yalipohamishiwa milimani yakaitwa Langenburg Mpya, na mji huo ndio Tukuyu ya leo.

Gari lilikuja baadaye kidogo. Agosti 1907 ofisa Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, Ujerumani, akakata bara zima hadi Swakopmund kwenye pwani ya Atlantiki, alikofika Mei 1909. Kabla yake hakuna aliyekuwa amevuka Afrika kwa gari kutoka bahari moja hadi nyingine. Safari ilichukua karibu miaka miwili kwa kuwa palipoharibika kitu hapakuwa na duka la vipuri, na barabara yenyewe mara nyingi ilibidi itengenezwe kwanza.

Ustadi wa mikono haukuletwa na meli wala gari. Wahunzi wa Ukinga, ng'ambo ya safu ya Livingstone, waliwauzia Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, majembe na silaha za chuma, na Wakisi wa ufukweni waliwauzia vyungu. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, katika kitabu chake kuhusu Wanyakyusa kilichotoka mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyotoka kwa wazazi wakiwa bado wadogo na kujijengea vibanda vyao wenyewe kando ya kijiji. Walianza na vibanda vya wanagenzi, na kadiri walivyokua ndivyo nyumba zao zilivyokua imara, hadi kibanda cha mchezo kikawa kijiji cha watu wazima. Malori yalipoanza kupita katika nchi hiyo, yaliwakuta watoto ambao kujenga kitu kidogo kabla ya kikubwa kulikuwa sehemu ya malezi yao.

Sanaa ya magari ya waya haiishii mpakani. Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, ndiyo iliyozaa habari ya kitabu cha watoto cha mwandishi Mmarekani Karen Lynn Williams, *Galimoto*, kilichochapishwa mwaka 1990. Kinamsimulia mvulana aitwaye Kondi anayezunguka kijiji kizima akitafuta waya wa kutosha gari lake. Maelfu ya wasomaji wa Marekani waliijua kazi hii kwa kupitia Kondi, ingawa katika vijiji vya pande zote mbili za mto haikuwa habari mpya.

Meza za Uingereza, Italia na Japani

Huko Uingereza injini ndogo ilianza kama kazi ya wahandisi wenye muda jioni. Januari 1898 Percival Marshall alianzisha jarida la *Model Engineer*, likiwalenga mafundi waliokuwa na mashine ya kukereza chuma katika banda la nyuma ya nyumba. Mwanzoni walitengeneza injini za mvuke. Kisha Edgar Westbury akawafundisha petroli: katika miaka ya 1940 alichora injini iitwayo Seal, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 15 tu, inayopozwa kwa maji na kuwaka kama ile ya gari. Michoro yake ilichapishwa hatua kwa hatua, na hadi leo wako wanaoitengeneza.

Kundi la pili la mafundi halikujali kama injini inawaka. Lilitaka ionekane kweli hata chini ya kioo cha kukuzia. Mwingereza Gerald Wingrove aliifanya kazi hiyo kuwa ajira yake, akiunda magari ya kihistoria kwa skeli ndogo kama 1:15 na 1:20 kwa ajili ya wakusanyaji na makumbusho. Kitabu chake cha mwaka 1978 kiliwaonyesha wengine siri zake: jinsi ya kukunja bati la shaba juu ya kiini cha mbao, kukereza fini za silinda, na kumimina madini laini kwenye kalibu za mpira.

Viwanda navyo viliona soko. Mwaka 1966 kampuni ya Pocher ya Turin, Italia, ilitoa seti ya gari la mashindano la Fiat la 1907 kwa skeli ya 1:8. Baadaye ikaja Alfa Romeo 8C Monza yenye vipande zaidi ya 1,000. Tamiya ya Japani ilifuata mwaka 1967 na gari la Formula One la Honda, skeli 1:12, na muda mfupi baadaye Lotus 49.

Lotus 49 ilibadilisha kazi ya waundaji wa mifano kwa sababu ya namna ilivyojengwa. Injini yake, Cosworth DFV yenye silinda nane, haikuwekwa ndani ya fremu. Yenyewe ndiyo iliyokuwa fremu ya nyuma ya gari: ilifungwa kwa boliti mgongoni mwa kiti cha dereva, na magurudumu ya nyuma yakashikiliwa kwayo na giaboksi yake. Juni 4, 1967, Jim Clark alishinda nayo mbio za Zandvoort, Uholanzi, zikiwa ndizo za kwanza kwa injini hiyo. Hadi inaondoka katika Formula One ilikuwa imeshinda mara 155. Gari la namna hiyo halina boneti ya kufunika udhaifu wa fundi. Mabomba ya moshi, nyaya za plagi na mirija ya mafuta viko nje, mbele ya macho ya mtazamaji, na mfano usio na injini kamili hauna nusu ya gari.

Tamiya walikwenda mbali zaidi walipotaka kutengeneza Porsche 934 katika miaka ya 1970. Walinunua Porsche 911 halisi, wakaifungua yote ili waijue kwa vipimo na picha. Kuirudisha kuwa gari kukawashinda, ikabidi waitwe mafundi wa Porsche.

Milimita na nusu milimita

Kuunda injini tangu mwanzo huanza kwa kupima. Fundi hutafuta michoro ya kiwanda, picha zilizopigwa kwa karibu, na kama inawezekana injini yenyewe, kisha huchagua skeli. Chukua Datsun 240Z, gari la Japani lililoshinda mara mbili mbio za magari za Safari za Afrika Mashariki. Injini yake ya kawaida, L24, ina silinda sita mstarini, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 83. Kwa skeli ya 1:24 kipenyo hicho hushuka hadi milimita tatu na nusu. Waya wa plagi wenye unene wa milimita 7 huwa chini ya theluthi moja ya milimita. Hapo fundi huchambua unyuzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya kebo ya umeme, maana unyuzi wa ndani ya waya wa simu, ambao mtoto wa Kisiba angeuona mwembamba, huwa bado mnene mno.

Bloku ya injini hujengwa kwa karatasi ngumu za plastiki zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, kisha zikapigwa tupa na msasa. Kabureta hukerezwa kwa shaba au alumini. Mabomba ya moshi ndiyo hula muda mwingi zaidi, kwa sababu katika gari la mashindano urefu wa kila bomba umekokotolewa ili moshi wa silinda moja usaidie kuuvuta wa nyingine. Kwa hiyo yanapishana na kupindana kwa mpangilio usiokubali kubuniwa. Fundi hukunja waya wa risasi ya kulehemu, ambao ni laini na haupasuki kwenye kona, akaupaka rangi ya chuma kilichoungua. Mwisho huja alama za kazi: doa la oili chini ya gasketi, vumbi kwenye fini, rangi ya bluu iliyofifia pale bomba linapotoka kwenye silinda hedi.

Wanaotaka injini iwake hukutana na ugumu wa aina nyingine kabisa, na chanzo chake ni hesabu. Ukipunguza urefu wa kitu hadi theluthi moja, ujazo wake haubaki theluthi. Unagawanyika kwa 27. Ukipunguza mara 12, ujazo unagawanyika kwa 1,728. Eneo la kuta za silinda halipungui kwa kasi hiyo, kwa hiyo silinda ndogo ina ukuta mkubwa mno ikilinganishwa na hewa iliyomo, na joto la mlipuko hupotea kabla halijasukuma pistoni vya kutosha. Matone ya petroli hayajui skeli: hubaki makubwa vilevile ndani ya kabureta iliyopunguzwa. Nayo misuguano ya ringi na beringi hula sehemu kubwa ya nguvu kidogo iliyopo.

Mfaransa Pierre Scerri, mhandisi wa mawasiliano wa Avignon, aliyajua hayo yote, na mwaka 1978 akaanza. Gari alilolichagua ni Ferrari 312PB, lililoshiriki mbio 10 za ubingwa wa dunia wa magari ya michezo mwaka 1972 na kushinda zote 10. Skeli ilikuwa 1:3. Injini halisi ina silinda 12 zilizolazwa, sita kila upande, na ujazo wa sentimita za ujazo 2,991. Kwa skeli hiyo ujazo unapaswa kushuka hadi karibu 111. Scerri hakuwa na kiwanda. Alitengeneza mwenyewe kranki, pistoni, valvu na giaboksi yenye gia zinazoingia. Kazi ilichukua karibu miaka 15. Injini ilipowaka, kilichowashangaza watazamaji wa kipindi cha *Top Gear* cha BBC ni sauti. Scerri alikuwa amefanya kazi mpaka mngurumo wa injini yake ukafanana na wa Ferrari halisi.

Huko Galicia, Hispania, mstaafu José Manuel Hermo Barreiro, ambaye alikuwa fundi mitambo wa meli na anajulikana zaidi kwa jina la Patelo, aliukwepa ugumu wa joto kwa kutumia hewa iliyoshindiliwa badala ya petroli. Injini yake ya silinda 12 ina ujazo wa sentimita za ujazo 12 kwa jumla. Ilimchukua saa 1,220, kwa mashine za kawaida zisizoongozwa na kompyuta, na aliitabaruku kwa wajukuu zake.

Safari na injini zake

Afrika Mashariki haikubaki nyuma katika mashindano ya magari yenyewe. Mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari, na kuanzia 1974 Safari Rally. Sifa yake ilikuwa ukatili wa njia: vumbi, kisha matope, kisha mito iliyofurika. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza saba.

Katika njia kama hiyo aliyeijua injini kwa mikono yake alikuwa na nafasi kubwa. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alikuwa makanika kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha tumika. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, na Wakenya wakampa jina la Simba. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Sweden, kisha akashinda miaka minne mfululizo kuanzia 1979.

Tanzania nayo ina ukurasa wake, ingawa vijana wengi hawajausikia. Mwaka 1966 na tena 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, akiongozwa njia na Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa Peugeot 404, aina ambayo ilikuwa ikionekana katika barabara za nchi hii kila siku. Hata injini yake ilitokana na ile ya kawaida: silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 1,618, silinda hedi ya alumini, na bloku iliyolazwa nyuzi 45 ubavuni ili boneti iwe chini. Tofauti kubwa ilikuwa pampu ya Kugelfischer iliyosukuma petroli kwa sindano mahali pa kabureta.

Watengenezaji wa mifano duniani wameikumbuka Safari kwa namna yao. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imetoa seti ya Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kwa skeli ya 1:24. Taa zipo, namba zipo. Lakini kama seti nyingi za Hasegawa za skeli hiyo, boneti haifunguki na chini yake hamna injini. Anayeitaka injini ya ushindi ule ndani ya gari hilo ataiunda kwa plastiki, shaba na unyuzi wa kebo.

Na hapa ndipo ufundi wa Afrika Mashariki ungeweza kuingia kwa haki kabisa. Gereji za Mbeya, Tukuyu na Kyela zimejaa watu wanaoshusha injini asubuhi na kuirudisha jioni, wanaojua kwa vidole unene wa gasketi na ulegevu wa beringi. Mashine za kukereza zimo katika karakana za vyuo vya ufundi stadi vya VETA na katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho kilianza mwaka 1986 kama chuo cha ufundi. Wanafunzi wa makanika wamezoea kufundishwa kwa injini halisi iliyokatwa ubavu ili matumbo yake yaonekane. Kutoka hapo hadi kuunda injini ndogo ni hatua ya subira zaidi kuliko ya vifaa.

Injini ya Peugeot 404 ya Shankland ingefaa kuwa ya kwanza. Ina silinda nne tu, na magari yaliyotumia jamii ya injini hiyo yalitengenezwa kwa wingi, hivyo vipimo vyake vinapatikana. Kwa skeli ya 1:4, silinda yenye kipenyo cha milimita 84 huwa na milimita 21, mwendo wa pistoni wa milimita 73 hushuka hadi milimita 18 na robo, na ujazo wote huwa sentimita za ujazo 25, mkubwa kuliko wa injini ya Westbury iliyowashwa na mafundi wa mabanda ya nyuma ya nyumba. Vipimo hivyo viko ndani ya uwezo wa mashine ya kawaida ya kukereza. Silinda zake ni bomba zinazochomekwa katika bloku, hivyo zinaweza kukerezwa moja moja na kurudiwa zikiharibika bila kutupa kazi nzima. Pampu ya Kugelfischer ndiyo itakayosumbua, na anayeanza anaweza kuiunda iwe ya kutazamwa tu huku injini ikizungushwa kwa hewa, kama alivyofanya Patelo, hadi pale atakapokuwa tayari kuitia petroli.